Toba, Imani na Wokovu: Historia ya Maneno Matatu ya Wito wa Kikristo katika Kiswahili

Utangulizi

Wito wa kutubu na kuamini ndio mwanzo wa mahubiri katika Injili. Yohana Mbatizaji anautoa jangwani, na Yesu anaurudia Galilaya anapoanza kazi yake. Katika Afrika ya Mashariki wito huo umetolewa kwa Kiswahili kwa zaidi ya miaka mia moja, na maneno yake matatu makuu, yaani toba, imani na wokovu, yamezoeleka hata hayaulizwi tena. Mazoea ya namna hiyo humpoteza mwanafunzi wa lugha kama yanavyompoteza mwumini, kwani neno lililozoeleka hudhaniwa kuwa halina asili, wala halikuwahi kugombaniwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo yana historia, na kwamba historia hiyo inagusa maana ya wito wenyewe. Dai letu ni hili: maana ya asili ya toba ni kurejea, wapo waliotaka neno hilo liondolewe katika Biblia ya Kiswahili na mahali pake pakae neno la majuto, lakini katika mambo yaliyowapata watu wa nchi hizi katika karne ya ishirini, ni kipimo cha kurejea, wala si cha majuto, kilichotumika kuutambua ukweli wa toba ya mtu.

Maneno yaliyotangulia misheni

Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 hakukuta lugha isiyoijua toba. Waswahili wa pwani walikuwa Waislamu tangu karne nyingi, na neno hilo walikuwa wamelipokea kutoka katika Kiarabu pamoja na dini yao. Mzizi wake katika Kiarabu una maana ya kurudi. Mja aliyepotea humrudia Mola wake, na Mola naye husemwa kuwa humrudia mja wake kwa rehema. Washairi walikuwa wamekwisha kulitia wazo hilo katika fasihi. Mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anausemesha moyo wake mwenyewe na kuuonyesha magofu ya Pate, ili uone jinsi ukubwa wa dunia usivyodumu, ukageuke kabla ya mauti. Huo nao ni wito wa toba, na ulitungwa kabla ya mmisionari yeyote wa zama hizi kufungua kinywa pwani.

Kurudi huko kunalingana na lugha ya manabii wa Agano la Kale, ambao neno lao la Kiebrania la kutubu lina maana hiyo hiyo ya kugeuka na kurudi. Kiyunani cha Agano Jipya kina neno linaloelekea zaidi kwenye kugeuza nia. Hata hivyo, Kiyunani hicho kina neno la pili, lenye maana ya kusikitikia jambo lililokwisha kutendwa, nalo ndilo linalotumiwa juu ya Yuda alipozirudisha fedha kisha akaenda kujinyonga. Tofauti hiyo tuiweke akilini, maana tutaihitaji.

Ama kuhusu imani, neno hili nalo ni la Kiarabu, na jamaa zake katika Kiswahili ni amini, amana na amani. Mzizi wake ni ndugu wa mzizi wa Kiebrania uliotupa neno amina. Waswahili, hata hivyo, walilipanua neno hili kwa namna yao. Kwao mtu asiye na imani si yule tu asiyesadiki mafundisho ya dini. Ni mkatili pia, asiyewaonea wenzake huruma. Kwa hiyo, mhubiri aliyewaambia watu wa pwani waamini alitumia neno ambalo tayari lilibeba uaminifu na wema wa moyo, wala si kukubali kwa akili peke yake.

Hapa wamisionari walipata faida na tatizo kwa pamoja. Faida ilikuwa kwamba msikilizaji Mwislamu alielewa mara moja alichoitiwa. Tatizo lilikuwa kwamba aliweza kujibu kwa haki kuwa toba anayo na imani anayo. Tofauti ya dini hizi mbili haikuwamo katika kitenzi tubu, bali katika swali la msamaha huja kwa njia gani. Mwislamu alimrudia Mungu bila mwombezi kati yao; Mkristo alihubiri kwamba njia ya kurudi imefunguliwa kwa kifo cha Yesu. Neno moja lilitumikia mafundisho mawili, na mkutano ndio ulioamua lisikike vipi.

Wokovu na watu waliotolewa utumwani

Neno la tatu lina asili nyingine. Wokovu limetokana na kuokoa na kuokoka, maneno ya Kibantu yaliyotumika kila siku juu ya mtu aliyenusurika baharini, vitani au motoni. Wasikilizaji wa kwanza wa mahubiri ya Kikristo kwa Kiswahili walikuwa na sababu ya kulisikia hivyo. Askofu Tozer na Edward Steere walipofika Unguja mwaka 1864 walikabidhiwa watoto watano wa kiume waliokuwa watumwa, na shule yao ikaanza na hao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na katika kanisa lililojengwa mahali pake ibada ya kwanza ilifanywa Krismasi ya mwaka 1877. Upande wa Mombasa, makazi ya Freretown yalianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliowekwa huru.

Kwa mtu aliyetolewa ndani ya jahazi, kuokoka halikuwa fumbo. Alijua aliyemwokoa, alijua alitolewa wapi, na aliweza kuhesabu mwaka. Lakini hapo palikuwa na hatari pia. Mtu huyo huyo aliishi katika ardhi ya misheni na chini ya ulinzi wa misheni. Basi si rahisi kwa mwanahistoria kutenga kuamini kwake na kuhitaji kwake. Wito wa imani unamtaka mtu aitikie kwa hiari, na hiari ya mtu asiye na kwao pa kurudi ni jambo la kuamuliwa kwa uangalifu.

Mzozo wa Roehl na Broomfield

Agano Jipya la Steere lilitoka mwaka 1883, baada ya kufa kwake, na Biblia nzima ya Kiunguja mwaka 1891. Watu wa Mombasa walipata baadaye tafsiri zao za Kimvita, ambazo kazi yake ilianzwa na W. E. Taylor na wenziwe. Tafsiri hizi zilitumia kwa wingi maneno ya Kiarabu yaliyokuwa yamekwisha kuwa Kiswahili.

Karl Roehl, Mjerumani aliyefanya kazi Usambara na kuandika sarufi ya Kishambaa iliyotoka mwaka 1911, hakuridhika. Alisema kwamba Kiswahili cha pwani kimejaa mno Kiarabu, na kwamba watu wa bara wenye lugha za Kibantu wanapaswa kuisoma Biblia kwa maneno yenye asili yao. Katika jarida la Africa, mwaka 1930 na 1931, yeye na Kasisi G. W. Broomfield wa Unguja walijibizana juu ya jambo hili. Broomfield alishikilia kwamba neno lililokwisha kupokewa na wasemaji ni mali ya lugha hiyo, liwe limetoka wapi. Agano Jipya la Roehl lilitoka mwaka 1930, na Biblia yake nzima mwaka 1937. Humo watu hawaambiwi watubu, bali wanaambiwa wajute. Na pale ambapo wengine huandika kuamini, yeye mara nyingi ameandika kutegemea.

Haifai kumdharau Roehl. Kutegemea ni neno zuri, na kwa msikilizaji wa bara pengine lilieleza vizuri zaidi kwamba imani ni kumwegemea mtu, wala si kukiri habari fulani tu. Ama kujuta, hapo pana hasara. Anayejuta hutazama nyuma, akaumia kwa alilolitenda; lakini aweza kuumia hivyo na kubaki pale pale alipo. Ni jambo la kuangaliwa kwamba tafsiri ya umoja, iliyotoka mwaka 1952 na kutumiwa na makanisa mengi, ililirudisha neno kutubu katika wito wa Yohana na wa Yesu, na kulitumia kujuta juu ya Yuda. Kiswahili kikawa kimeihifadhi tofauti ile ile iliyomo katika Kiyunani, na kwa msaada wa neno la Kiarabu ambalo Roehl alitaka liondoke.

Uamsho wa Gahini na kitenzi kuokoka

Wakati wataalamu wakibishana juu ya msamiati, wito wenyewe ulipata nguvu mpya mahali ambapo Kiswahili hakikuwa lugha ya kwanza. Mwezi wa Septemba 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana Namirembe na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutoka Gahini, katika miaka ya 1930, ulienea uamsho uliofika Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyeliita kanisa la Uganda liamke, alifariki mwezi wa Januari 1936. Wito wake ukaendelea baada yake. Mwaka 1937 kundi la wahubiri lilifika Kabete, na kutoka hapo uamsho ukashika Kikuyu.

Wafuasi wake waliitwa kwa Kiganda balokole, yaani waliookoka; kwa Kikuyu, ahonoki. Kwa Kiswahili walisema: nimeokoka. Sarufi ya neno hilo fupi ndiyo iliyoleta ugomvi. Kiambishi -me- chaonyesha tendo lililotimia na hali yake ikaendelea kuwapo. Kauli ya kutendeka nayo haimtaji mtendaji, tofauti na nimeokolewa, ambalo mara moja hutufanya tuulize: na nani? Wazee wengi wa kanisa walikerwa. Waliuliza mtu atawezaje kusema ameokoka naye hajafa wala hajahukumiwa. Waliookoka walijibu kwamba hawajisifu, bali wanashuhudia tendo la Mungu. Mwaka 1941 ugomvi wa namna hii uliwafukuzisha wanafunzi 26 katika chuo cha theolojia cha Mukono, akiwamo William Nagenda.

Hata wapinzani wao, hata hivyo, hawakuweza kulikana jambo moja. Ushuhuda wa uamsho haukuishia katika kusema. Mtu aliyetubu alitakiwa kutaja dhambi yake mbele ya ndugu, kisha kurudisha: fedha alizoiba, ng'ombe asiyekuwa wake, kifaa cha mwajiri, na neno la kuomba radhi kwa mke au jirani. Zakayo katika Injili ya Luka alifanya vivyo hivyo. Hapa maana ya kale ya toba ilifufuka bila kamusi, kwa kuwa mtu alirudi kwa Mungu kwa kupitia mlangoni kwa aliyemkosea.

Kiapo na bunduki

Jaribio kubwa lilikuja Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Wengi wa ahonoki walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema kwamba waliokwisha kushiriki damu ya Kristo hawawezi kushiriki damu nyingine. Baadhi yao waliuawa kwa sababu hiyo. Wengi walikataa vile vile kubeba bunduki pamoja na ngati, walinzi waliokuwa upande wa serikali, wakatiliwa shaka na pande zote mbili. Kanisa kuu la Murang'a lilijengwa kuwa ukumbusho wa waliokufa, na ndani yake Elimo Njau alichora picha za maisha ya Yesu katika mandhari ya Kikuyu.

Walikuwapo waliowalaumu, na lawama yao ina uzito: kwamba walisema sana juu ya dhambi ya mtu mmoja mmoja na kidogo juu ya ardhi iliyonyang'anywa. Ikiwa toba ni kurudisha kilichoibwa, basi mwito huo ulimhusu mlowezi pia. Lawama hiyo haiibatilishi toba, inaidai ikamilike.

Mwaka 1994 na kipimo cha toba

Swali hilo lilirudi kwa ukali zaidi katika nchi ile ile ambako uamsho ulianza. Kati ya Aprili na Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu, walio wengi Watutsi, waliuawa nchini Rwanda, na wengi waliuawa makanisani walikokimbilia, kama Nyamata na Ntarama. Makanisa hayo mawili ni ya Kikatoliki, wala si zao la Gahini. Lakini Wakristo wa madhehebu mbalimbali walikuwamo miongoni mwa wauaji, kama walivyokuwamo miongoni mwa waliouawa na miongoni mwa waliowaficha wenzao kwa kuhatarisha maisha. Walioitikia wito kwa midomo hawakuwa wote wamerudi.

Baadaye mahakama za gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, zilimpunguzia adhabu mshtakiwa aliyekiri na kuomba msamaha, na ziliwadai walioiba mali wailipe. Sheria haiwezi kuumba toba, na wapo waliokiri ili wapunguziwe kifungo. Lakini hata huko kipimo kilichotumika kilikuwa ni kile kile: kusema kweli hadharani na kurejesha kinachorejesheka.

Hitimisho

Tumeona kwamba wito wa Kikristo ulipoingia katika Kiswahili uliazima toba na imani kutoka kwa Waislamu, na wokovu kutoka katika maisha ya kila siku ya Wabantu. Jaribio la kuitoa toba na kuweka majuto halikudumu, na hatuna budi kushukuru. Majuto ya Yuda yalimpeleka mtini. Machozi ya Petro yalimrudisha kwa wenzake. Lugha yetu ina neno kwa kila mmoja wa watu hawa wawili, na ni wajibu wa wanaohubiri, wanaotafsiri na wanaofundisha kutoyachanganya.