Mwacheni Mzee Atembee

Mzee wangu alipotoka hospitali mwezi wa nne baada ya mshtuko wa moyo, nyumba yetu iligeuka wodi. Akitaka maji, analetewa. Akienda choo, shangazi zangu wawili wanamshika huku na huku kama bibi harusi. Akisimama tu dirishani, mamangu anapiga kelele: "Baba Brian, kaa chini!"

Mnanijua, kitu kikinisumbua nakichimba usiku kwa usiku. Nikataka kujua hii imani ya kwamba moyo mgonjwa haufai kusumbuliwa ilitoka wapi. Wasee, haikutoka kwa shosho zetu. Ilitoka kwa madaktari wenyewe.

Na hata wao hawakuanza hivyo. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, daktari Mwingereza William Heberden aliandika kuhusu mgonjwa wa maumivu ya kifua aliyejipangia kukata mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona. Hiyo ikasahaulika. Mwaka wa 1912, James Herrick wa Chicago alieleza kwamba mtu anaweza kuziba mshipa wa moyo na bado asife, na akasisitiza apumzishwe. Halafu 1939, watafiti wa Boston wakaonyesha kwamba kidonda cha moyo huchukua kama wiki sita kuwa kovu. Basi hesabu ikawa rahisi: wiki sita za kovu, wiki sita za kitanda.

Na si kitanda cha kujilaza ukitazama mechi. Mgonjwa alilishwa kwa kijiko, alienda haja hapo hapo, hata kugeuka upande alihitaji nesi. Misuli iliisha. Damu iliganda miguuni, ikasafiri hadi mapafuni na kuua watu ambao moyo wenyewe ulikuwa umewasamehe. Hiyo ilikuwa tiba bora ya wakati huo, na ilitolewa na watu wenye nia njema kabisa.

Aliyeleta fujo alikuwa Samuel Levine, mzee wa magonjwa ya moyo pale Peter Bent Brigham, Boston. Yeye aliona kwamba mtu akikaa miguu ikiwa chini, damu nyingine inabaki miguuni na moyo unapunguziwa mzigo. Kwa hivyo wagonjwa wakalishwe kitini siku za mwanzo tu. Kazi ya kuwatoa kitandani alipewa kijana aliyekuwa anasomea ubingwa chini yake, Bernard Lown, Myahudi aliyezaliwa Lithuania. Lown alisimulia baadaye kwamba madaktari vijana wenzake walimpigia saluti ya Kinazi wodini, kumaanisha anafanya majaribio kwa binadamu. Hebu fikiria Myahudi kufanyiwa hivyo, vita vya Hitler vimeisha juzi juzi! Aliendelea. Mwaka wa 1952 walichapisha habari za wagonjwa 81, na kiti kikaanza kushinda kitanda. (Ni huyu huyu Lown ambaye shirika la madaktari alilosaidia kuanzisha lilipata Nobel ya Amani 1985.)

Septemba 1955 Rais Eisenhower wa Marekani akapata mshtuko wa moyo. Mwaka uliofuata akasimama tena kura na kushinda. Watu wakaona.

Lakini kilichonimaliza mimi ni Dallas, 1966. Vijana watano wa miaka 20, umri wangu karibu, walilazwa wiki tatu bila ugonjwa wowote. Walipopimwa tena 1996, ilionekana zile wiki tatu za kitanda ziliwashusha nguvu kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Wiki tatu!

Nikamsomea mamangu hayo yote. Akaniuliza swali moja: "Sawa, atembee kiasi gani?"

Nikanyamaza. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na nimewahi kuposti hapa kwamba masomo ya juu ni kupoteza nauli. Hapo niliropoka. Kusema "mazoezi ni mazuri" hata mimi naweza. Kujua kiasi ndiyo kazi ambayo mfiziotherapia au nesi anarudi darasani kusomea. Mfano: kuna dawa za moyo zinazozuia mapigo yasipande, mzee anazimeza. Ukihesabu mapigo peke yake utadhani hajachoka kumbe amechoka sana. Ndiyo maana wanamuuliza mgonjwa mwenyewe aipe kazi namba, kuanzia 6 hadi 20, kipimo cha Msweden Gunnar Borg. Wanajua pia ni dalili gani ikitokea unasimama hapo hapo.

Kliniki ilitupatia dada mmoja anayesomea mambo hayo. Alimtembeza mzee dakika sita kwenye korido, akaandika umbali, akampa dozi ya kutembea, kwa dakika, kama vile ya vidonge.

Jana mzee alifika duka la kona na kurudi. Akasema kumi na mbili. Mamangu alikuwa nyuma yake njia nzima, amebeba kiti cha plastiki.