Gita la Likasi lilikuwa la watu wote

Leo tuzungumze juu ya muziki wa Katanga, maana historia yake ina fundisho kwa watu wanaotafuta amani.

Wakati wa Wabelgiji, kompania ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji watu wengi wa kuchimba shaba. Iliwatafuta mbali: Kasai, Rwanda, Burundi, na ng'ambo ya mpaka, katika nchi tunayoiita leo Zambia. Katika kambi za wafanyakazi za Lubumbashi na Likasi, Muluba alikaa jirani na Mubemba, na Musanga jirani na mtu wa Rwanda. Lugha yao ya kusikilizana ikawa Kiswahili. Baada ya kazi mmoja alishika gita, mwenzake akagonga chupa kwa kijiti, wengine wakaitikia. Chupa haina kabila.

Humo akatoka Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alimkuta Likasi, mji ulioitwa wakati ule Jadotville, akaurekodi wimbo wake "Masanga". Wapigaji wa gita wa nchi nyingi walijifunza kwake namna ya kupiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Edouard Masengo, ndugu yake, alifika mpaka Nairobi, na watu wa Kenya wakampokea kama wao, kwa kuwa Kiswahili chake walikielewa.

Sasa sikieni vizuri. Mwenda alikuwa Muyeke. Wayeke nao walitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, wakafika Katanga na Msiri katika karne ya 19. Basi huyu tunayemwita mwana wa Katanga, wazee wake walikuja wageni. Tukihesabu miaka ya nyuma, ni nani kati yetu ambaye babu yake hakupokelewa na mtu?

Lakini katika mji uleule wa Likasi, mwaka 1992, majirani walianza kufukuza majirani. Watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga, waliambiwa warudi "kwao". Mwaka 1993 Kolwezi nayo ikafuata. Familia nyingi zililala kwenye stesheni miezi, zikingojea treni, na watoto walifia pale. Ubaya ule haukuanza na fimbo. Ulianza na maneno katika mikutano: huyu ni mwenyeji, yule ni mgeni.

Wandugu, mdomo unaoimba ndio unaotukana. Muziki peke yake haukuzuia watu kufukuzwa. Unahitaji shefu atakayesema "hapana" siku neno la kwanza la chuki linapotamkwa mbele yake.

Mashefu wa mitaa na vijiji, tunawaomba: ngoma ikipigwa, mwiteni pia aliyefika jana. Nanyi mliohamishwa, msifiche nyimbo za kwenu. Wafundisheni watoto wa mahali mlipopokelewa. Halafu ulizaneni nyumbani: katika mtaa wetu, ni nani ambaye hatujamwita?

Amani iwe kwenu.