Pete Postlethwaite na Malezi ya Jukwaa la Liverpool

Katika sanaa ya maonyesho ya Uingereza, mwigizaji wa uhusika ni yule ambaye kazi yake haitegemei sura nzuri wala nafasi ya shujaa, bali uwezo wa kuivua nafsi yake na kuvaa ya mtu mwingine, awe baba mnyonge, wakili wa majambazi au mfalme aliyerukwa na akili. Pete Postlethwaite, aliyezaliwa tarehe 7 Februari 1946 huko Warrington, mji wa viwanda ulio kati ya Liverpool na Manchester, alikuwa mwigizaji wa aina hiyo, na kazi yake haiwezi kuelezwa bila kuyataja majumba ya maonyesho ya mikoani yaliyomlea.

Mwaka huohuo wa 1946 Uingereza ilianzisha rasmi Baraza la Sanaa, chombo cha kugawa fedha za serikali kwa shughuli za sanaa, na ruzuku zake ziliyasaidia majumba ya nje ya London kuajiri vikundi vya waigizaji na kuthubutu kuonyesha tamthilia mpya. Postlethwaite, mtoto wa familia ya Kikatoliki ya tabaka la wafanyakazi, aliwahi kufikiria upadri, akasomea ualimu na kufundisha maigizo, kisha akaingia chuo cha uigizaji cha Bristol Old Vic. Katika miaka ya 1970 alifanya kazi Everyman, jumba lililofunguliwa mwaka 1964 jijini Liverpool katika jengo lililowahi kuwa kanisa na baadaye sinema, pamoja na vijana kama Julie Walters, Bill Nighy na Jonathan Pryce. Katika kikundi cha namna hiyo mwigizaji hucheza leo mzee na kesho mlevi, mbele ya hadhira ya mji wa bandari inayoitambua mara moja lafudhi ya kuigiza, na hapo ndipo hujifunza kwamba hakuna mhusika mdogo.

Funzo hilo lilionekana alipoingia katika filamu. Mwaka 1988, katika Distant Voices, Still Lives, alikuwa baba mkatili wa familia ya Liverpool. Mwaka 1993, katika In the Name of the Father, alikuwa Giuseppe Conlon, mtu aliyefungwa bila hatia na kufia kifungoni mwaka 1980, uhusika uliompatia uteuzi wa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi. Na mwaka 1996, katika Brassed Off, aliongoza bendi ya tarumbeta ya wachimba makaa ya mawe ambao mgodi wao unafungwa. Katika The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyopigwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya, ikiwamo Kibera na Loiyangalani, alimwigiza daktari Lorbeer, ambaye huonekana kwa muda mfupi tu, lakini ndiye anayebeba uzito wa dhamira ya hadithi nzima.

Mwaka 2008 alirudi Everyman kuigiza King Lear, akiwa na umri wa kutosha kuubeba uzee wa mfalme huyo. Alifariki tarehe 2 Januari 2011, na jengo lile la zamani likabomolewa kupisha jipya lililofunguliwa mwaka 2014 mahali palepale, ili vijana wengine wa mikoani wapate pa kujifunzia kazi kabla London na Hollywood hazijawaita.