Jasho la Mkulima Mbele ya Mahakama ya Rufani

Hapa Ubaruku msimu wa mpunga ndio msimu wa kesi. Huyu kasogeza jaruba, yule anadai eneo alilofyeka babu yake. Swali ni lile lile: asiye na hati ana haki gani?

Jibu lilitoka mbali na Usangu. Katika kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulumbulu, mkoani Arusha, baba na mwanawe walimiliki ardhi kwa mila tangu 1943. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Nchini kote watu wakahamishwa, mashamba ya wengi wakapewa wengine. Mwaka 1987 wawili hao walikwenda mahakamani kudai eneo lao, wakashinda. Wapinzani wao wakakata rufani.

Kabla rufani hiyo haijaamuliwa, Bunge likatunga sheria iliyoanza kutumika Desemba 28, 1992. Haki za mila katika vijiji vilivyoanzishwa zikafutwa, fidia hakuna, na kesi zilizokuwa mahakamani zikome. Wakulima hao hawakunyamaza. Waliishtaki Serikali katika Mahakama Kuu, Arusha, wakashinda tena. Mwanasheria Mkuu akakata rufani.

Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Aliyetia jasho lake katika ardhi hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Tena, kuzima kesi na kuzuia hukumu isitekelezwe ni kuingilia kazi ya mahakama.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1991 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya jinai, ilibatilisha kifungu kilichowanyima dhamana baadhi ya washtakiwa.

Tuelewane lakini. Hukumu ile haikusema Serikali haiwezi kutwaa ardhi, ilisema ilipe. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyoanza kutumika 2001, iliipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na ile ya kupewa na Serikali.

Lakini hukumu haina miguu. Itafika majarubani ikiwa mkulima anaijua, mipaka yake inafahamika kwa majirani, na mkutano wa kijiji haumalizwi na watu watatu. Haki usiyoijua ni sawa na mpunga ulioachwa shambani: watavuna ndege.