Mafuta na Wagonjwa wa Kisukari

Maradhi ya kisukari yalijulikana tangu zamani za kale, lakini dawa yake haikujulikana. Matabibu waliona ya kwamba mgonjwa hukonda, hushikwa na kiu isiyokwisha, na mkojo wake huwa mtamu. Nao wakafikiri kwamba mtu wa namna hiyo asipewe chakula kizaacho sukari. Mwaka 1797 John Rollo, daktari wa jeshi la Uingereza, alitangaza habari za mgonjwa wake, Kapteni Meredith, ambaye alipunguziwa mno nafaka na mboga, akalishwa maziwa, damu iliyopikwa pamoja na shahamu, na nyama ya nguruwe yenye mafuta yaliyochacha. Chakula hicho chachukiza hata kukisoma; lakini mkojo wa Kapteni ulipungua utamu, naye akapata nafuu.

Kwa muda wa miaka zaidi ya 100 baadaye, mafuta ndiyo yaliyokuwa tegemeo la wagonjwa hao. Kabla tu ya insulini kupatikana palikuwa na shauri la aina mbili katika Marekani. Frederick Allen wa New York aliwafungisha wagonjwa wake mpaka wakabaki mifupa mitupu. Newburgh na Marsh, huko Michigan, waliwapa mafuta mengi na wanga kidogo sana. Kuna watu siku hizi wawalaumuo matabibu hao. Mimi siwalaumu, maana mgonjwa atakayekufa mwaka huu hana sababu ya kuulizwa mishipa yake itakuwaje baada ya miaka 20.

Mambo yaligeuka mjini Toronto, katika Kanada. Mwezi wa Januari, mwaka 1922, kijana Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14, alidungwa sindano ya insulini iliyotokana na kazi ya Banting, Best, Macleod na Collip. Sindano ya kwanza haikumfaa sana. Ya pili, baada ya dawa kusafishwa, ilimwinua kitandani. Aliishi miaka 13 zaidi. Na wengine wengi waliokuwa wakingojea kifo wakarudi makwao, wakaoa na kuolewa, wakazeeka.

Hapo ndipo deni la mafuta lilipodaiwa. Elliott Joslin wa Boston, aliyeandika kwa uangalifu habari za wagonjwa wake kwa miaka mingi, aliona ya kwamba hawafi tena kwa kuzimia kwa ajili ya sukari kama zamani. Sasa walikufa kwa moyo, na miguu yao ilioza kwa kukosa damu. Mishipa yao ilikuwa migumu na myembamba kabla ya wakati wake. Mwaka 1927 Joslin aliandika kwamba mafuta yaliyozidi yana hatia katika jambo hilo.

Yafaa hapa kueleza kidogo. Ndani ya damu mna kitu kama nta kiitwacho kolesteroli, na wengine hukiita lehemu. Mwili hauwezi kuishi bila ya kitu hicho, na ini hujitengenezea sehemu kubwa yake. Kwa kuwa hakiyeyuki katika damu, hupakiwa katika vyombo vidogo vidogo, kama shehena jahazini. Vyombo vingine vikizidi, shehena hukwama katika kuta za mishipa. Mafuta yagandayo, kama siagi, samli na shahamu ya ng'ombe, hulizuia ini lisivivute vyombo hivyo kutoka katika damu. Mafuta ya alizeti na ya ufuta hayana madhara hayo. (Mafuta ya nazi, ingawa huyeyuka kwa joto la Mombasa, yamo katika kundi la siagi.) Kisukari chenyewe nacho huiharibu mishipa, hata ikawa rahisi kuzibika.

Katika miaka ya 1930 Rabinowitch, huko Montreal, alithubutu kuwapa wagonjwa wake wanga zaidi na mafuta machache, akaona kolesteroli yao ikishuka. Wengi hawakumfuata. Mazoea ya madaktari ni mazito kuyaondoa, na hata mwaka 1971 ndipo chama cha kisukari cha Marekani kilipolegeza amri ya kuwanyima wagonjwa wanga.

Lakini jambo lililowashangaza watu zaidi lilitoka Framingham, mji mdogo karibu na Boston. Tangu mwaka 1948 wanaume na wanawake 5,209 wa mji huo walipimwa damu na mioyo yao, kila baada ya miaka miwili. Ilikuwa ikijulikana kwamba mwanamke, kabla ya kukoma hedhi, hapatwi upesi na maradhi ya moyo kama mwanamume. Basi mwaka 1979 Kannel na McGee walitangaza waliyoyaona kwa miaka 20: mwanamke mwenye kisukari huipoteza kinga hiyo, na hatari humwongezeka kuliko inavyomwongezeka mwanamume mwenye maradhi yayo hayo. Wake hao walikuwa wakipimwa sukari tu kwa miaka mingi, na moyo wao haukuulizwa.