Mashine Nayo Huchoka: Historia Fupi ya Kipimo

Mwaka 1919, huko Cambridge, Uingereza, Francis Aston alitenganisha ayoni kwa uzito wake na kuzinasa kwenye bamba la picha. Bamba lilitumika mara moja, kisha likawekwa jipya. Baadaye mabamba yalivipisha vigunduzi vya kuzidisha elektroni. Hivi huhisi upesi, lakini huchakaa: kadiri vinavyopigwa na ayoni, ndivyo ishara zinavyofifia.

Tatizo hili lilipata uzito zaidi baada ya mwaka 1997, Richard Caprioli na wenzake nchini Marekani walipochapisha njia ya kuchora ramani ya protini katika tishu kwa kupiga leza nukta moja baada ya nyingine. Kigunduzi kikififia katika kazi ndefu, nukta za mwisho huonekana hafifu. Mtafiti aweza kudhani protini imepungua kwenye uvimbe, kumbe kilichopungua ni nguvu ya mashine. Kwa hiyo inafaa kupima nukta bila mfuatano, na kurudia sampuli inayojulikana mwanzo na mwisho.

Sisi walimu wa lugha tunalielewa jambo hili. Insha ya 100 haisomwi kwa jicho lililosoma ya kwanza. Hivyo basi, kabla ya kutoa alama za mwisho, tuirudie insha ya kwanza, tukipime kipimo chenyewe.