Walinzi wa Maji ya Chini

Msomaji, maji uyaonayo mtoni ni kidogo sana yakilinganishwa na yale yaliyojificha chini ya nyayo zako, katika mchanga, changarawe na nyufa za miamba. Maji hayo hayakutulia kama maji ya mtungini. Yanasafiri, ingawa mwendo wake mara nyingi ni wa kinyonga. Aliyeupatia mwendo huo kanuni ni Henry Darcy, mhandisi wa mji wa Dijon nchini Ufaransa. Alipitisha maji katika bomba lililojazwa mchanga, na mwaka 1856 akatangaza kwamba kasi yake hutegemea tofauti ya kimo baina ya mwanzo na mwisho wa njia, urefu wa njia, na jinsi mchanga unavyopenyeka. Darcy alifariki mwaka 1858, wala hakuishi kumwona adui ambaye kanuni yake ingetumiwa kumwandama. Adui huyo ni petroli.

Motokaa zilipoenea katika karne ya 20, matangi ya chuma yalifukiwa chini ya vituo vya petroli. Nia ilikuwa njema, yaani kuepusha moto. Lakini chuma kilichozikwa huliwa na kutu, na tundu dogo lisiloonekana huweza kuvuja miaka mingi. Nchini Marekani, Bunge lilitunga sheria juu ya matangi hayo mwaka 1984. Kanuni zilitolewa mwaka 1988, wakati matangi yalipopita milioni mbili, na wenye matangi ya zamani wakapewa muda hadi tarehe 22 Desemba 1998 kuyatengeneza, kuyabadili au kuyafunga. Tena walitakiwa kuchunguza uvujaji, na njia mojawapo iliyokubaliwa ilikuwa visima vya uchunguzi.

Pengine utauliza, kisima cha uchunguzi ni kisima gani? Ni tundu jembamba lililotiwa bomba lenye nyufa upande wa chini, na kuzibwa vema juu ili uchafu wa uwanjani usiingie. Hakichimbwi kwa ajili ya kunywa, bali kwa ajili ya kutoa ushahidi. Kimoja hakitoshi. Vitatu visivyo katika mstari mmoja, vikipimwa kimo cha maji yake, huonyesha maji yanaelekea wapi. Kimoja huwekwa upande yanakotoka maji, kiwe shahidi wa maji yalivyokuwa kabla ya kufika kituoni. Vingine huwekwa upande yanakokwenda. Petroli ni nyepesi, nayo huelea. Lakini benzini iliyomo huyeyuka na kufuatana na maji. Benzini huweza kuleta saratani ya damu, kwa hiyo Marekani hairuhusu ipite sehemu 5 katika bilioni katika maji ya kunywa. Hilo ni kama tone moja katika lita 10,000! Jicho haliwezi kuliona, na ndiyo sababu maji hupelekwa maabara.

Sasa tazama yaliyoupata mji wa Santa Monica, katika jimbo la California. Tangu mwaka 1979 petroli ya Marekani ilianza kutiwa kitu kiitwacho MTBE, ambacho baadaye kilisifiwa kwa kupunguza moshi mbaya wa motokaa. Hewa ilipata nafuu, lakini kitu hicho huyeyuka upesi majini, hakishikwi sana na udongo, na huchelewa kuoza. Mwaka 1995 kilionekana katika visima vya mji huo vya Charnock. Mwaka uliofuata visima vikafungwa, na mji ukapoteza karibu nusu ya maji yake, ukawa wa kununua maji ya mbali. Mwaka 1999 gavana wa California aliamuru MTBE iondolewe katika petroli ya jimbo hilo. Hata hivyo visima vya Charnock havikurudishwa kazini ila mwishoni mwa mwaka 2010. Tiba ya hewa iligeuka kuwa maradhi ya maji, kwa kuwa waliopima moshi hawakupima kisima.

Usidhani kisa hiki ni cha ng'ambo peke yake. Mwezi wa Mei 2015, katika kijiji cha Thange, Makueni, mafuta yalivuja kutoka katika bomba lililokuwa likiyaleta Nairobi kutoka Mombasa tangu mwaka 1978. Udongo, mto na visima vikachafuka, na watu waliovitegemea wakakosa maji yao. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa ulio chini ya ardhi hauwezi kuzibwa na mtu asiyeutafuta.

Basi wewe unayesoma leo, kesho huenda ukawa mhandisi, mwenye kituo cha petroli, au diwani wa kutoa ruhusa kijengwe. Siku hiyo usiulize tu matangi yatabeba lita ngapi. Uliza maji yaliyo chini yake yanaelekea kwa nani, na ni nani atakayeyapima kila msimu.